WAKUU, HUDUMA KWA WATEJA WAMENIPA SHIKAMOO KISA LAPTOPU YANGU HAINA MLANGO WA CD

Sikio la Kufa (mwenye uzi):

Wakuu, nimekata simu sasa hivi na mkono bado unatetemeka, mkiona herufi zimeruka msinisahihishe.

Mnawajua. Siwataji, lakini mnawajua. Wale ambao boksi lao unaweza kutunzia viatu, ukifungua ndani unakuta kitu cha ukubwa wa ukucha.

Wi-Fi ya laptopu yangu imekufa. Fundi akaniambia kadi ya ndani imeungua, tafuta kidude cha USB, chomeka, maisha yaendelee. Nikatafuta. Nimefungua boksi nakuta kidude chenyewe (ukipiga chafya karibu nacho umekipoteza), karatasi ya maelezo yenye lugha kumi na mbili, na CD. CD wakuu! Ile ndogo ya sentimita 8, kama sahani ya mwanasesere.

Nachomeka kidude, laptopu inakiangalia kama mdai aliyekuja asubuhi. Haina draiva, ile programu ya kuifundisha kompyuta kukitumia kidude. Draiva iko wapi? Kwenye CD. Laptopu ina mlango wa CD? Haina, haijawahi kuwa nao, ubavu wake ni mwembamba hata mchwa akipita lazima ainame. Kwenye karatasi, mwisho kabisa, kwa maandishi ya kusomwa na sisimizi, wameandika: kama kompyuta yako haina mlango wa CD, pakua draiva kwenye tovuti yetu.

Yaani nitafute intaneti ili niwashe kitu cha kunipa intaneti.

Nikapiga simu. Muziki dakika arobaini, wimbo ule ule mmoja, nimeshajua mpaka pale mpiga kinanda anapokosea. Akapokea dada, sauti laini. "Karibu kaka, nikusaidie nini?" Kaka. Sawa. Nikaeleza yote. "Weka CD kwenye kompyuta yako kaka." Haina pa kuweka, dada. "Bonyeza kitufe cha ubavuni trei itoke." Hakuna kitufe, hakuna trei. "Angalia upande wa pili kaka."

Na mimi, Mungu anisamehe, nikaigeuza laptopu nikaangalia upande wa pili. Laptopu yangu mwenyewe, niliyonayo mwaka wa nne!

Nikamwambia hata huku hakuna. Kimya. Namsikia anapumua. Halafu:

"Shikamoo."

SHIKAMOO! Tumeanza na kaka, dakika tatu mbele shikamoo! Hajamaliza, akashusha sauti kama anaongea na mgonjwa aliyetoka kwenye nusu kaputi: "Mzee wangu, kuna kijana yeyote hapo karibu akusaidie?"

Nina miaka 36.

Mtu Chake:

Shikamoo mkuu.

Jongoo Hana Haraka:

Shikamoo mzee wetu. Magoti yanaendeleaje?

Sikio la Kufa:

Nimekuja kwa ndugu zangu kutafuta faraja, nanyi mnanitonesha kidonda. Hivi mnaelewa maana ya shikamoo ya katikati? Shikamoo ya mwanzo ni heshima. Shikamoo ya katikati ya maongezi maana yake mtu amekupima, akajumlisha, akapata jibu.

Fundi Mstaafu:

Mwenye uzi, hasira weka kando kidogo. Tafuta kompyuta yoyote yenye mlango wa CD, hata ile ya mezani inayolala vumbi ofisini. Weka CD, nakili folda lote kwenye flashi, chomeka flashi kwenye laptopu yako, fungua faili la setup. Basi. CD hizo ndogo hazibebi MB 700 kama zile za kawaida, zinaishia kwenye MB 200 hivi, hata flashi ya zamani kabisa itatosha.

Tahadhari moja tu: trei ya kawaida ina duara dogo la katikati kwa ajili ya hiyo ya sentimita 8. Ila ile milango isiyo na trei, ya mdomo mwembamba unaomeza CD, usithubutu. Ikimeza hiyo ndogo hairudishi.

Sikio la Kufa:

Asante fundi, lakini tatizo langu si draiva. Draiva itapatikana. Tatizo ni mtu kuniuliza kama kuna KIJANA hapo karibu. Angeniuliza kama kuna mtu, ningeelewa. Kijana! Mimi niliyewahi kupiga Windows kwenye kompyuta za ofisi nzima!

Bando Limeisha:

Naomba kuuliza swali dogo. Uzi huu unauandikia wapi?

Sikio la Kufa:

Kwenye simu. Si nimeshasema laptopu haina intaneti?

Bando Limeisha:

Na simu ina intaneti?

Sikio la Kufa:

Sasa ningeandikaje

Bando Limeisha:

Waya wa kuchajia hiyo simu unao?

Sikio la Kufa:

Upo, kwani vipi?

Bando Limeisha:

Mheshimiwa hakimu, sina swali lingine kwa shahidi huyu.

Mtu Chake:

Hahahaha jamani nimemwaga maji kwenye kibodi. Yule dada apandishwe cheo leo leo.

Jongoo Hana Haraka:

Kwa hiyo swali lake lilikuwa halali kabisa. Mzee wangu, kuna kijana hapo karibu?

Fundi Mstaafu:

Kwa watakaopita hapa na shida kama hii, na si kwa kumcheka mtu: chomeka simu kwenye laptopu kwa waya wa USB, ingia kwenye mipangilio ya hotspoti, washa sehemu ya kugawa intaneti kwa USB. Simu za Android, Windows kwa kawaida huzitambua yenyewe bila CD yoyote. Laptopu ikishapata intaneti, kiache kidude kikiwa kimechomekwa, mara nyingi Windows inajitafutia draiva yenyewe. Ikishindwa, ipakue kwenye tovuti yao. Na si lazima ugawe intaneti, unaweza kulishusha faili kwenye simu kisha ukalihamishia kwenye laptopu kwa waya huo huo. Pia chunguza vizuri, baadhi ya vidude hivi vimebeba draiva tumboni: ukivichomeka vinajitokeza kwenye kompyuta kana kwamba umeweka CD.

Sikio la Kufa:

Hayo yote nilikuwa nayajua. Nilitaka kuona kama nyinyi mnayajua.

Mtu Chake:

Marahaba.

Mama Pacha:

Afadhali wewe, mimi yangu ni printa. Printa ina CD, laptopu haina mlango. Nikasema mimi si wa kushindwa, nikanunua mlango wa CD wa nje, ule wa kuchomeka. Nafungua boksi la mlango wa CD. Ndani kuna mlango wa CD, na CD.

Nilikaa chini. Nilikaa chini kabisa sakafuni.

Bando Limeisha:

Ningekuwepo ningekaa na wewe dada.

Fundi Mstaafu:

Dada, hiyo CD huwa ni programu ya kuchomea CD au kutazamia filamu, si draiva. Mlango wa nje ukiuchomeka tu Windows inautambua.

Mama Pacha:

Nilikuja kujua baadaye, nikiwa tayari nimeutukana ukoo mzima wa walioutengeneza. Na bado mlango wenyewe haukuwaka! Waya wake una vichwa viwili, laptopu yangu imebakiwa na tundu moja la USB. Nikichomeka kichwa kimoja unalia krii, krii, taa inafifia, unazima. Unaanza tena krii. Kama pikipiki asubuhi ya baridi.

Fundi Mstaafu:

Hapo ni umeme. Tundu la USB 2.0 linatoa miliampea 500, na mota ya mlango wa CD ikianza kuzungusha inaweza kudai zaidi ya hapo. Ndiyo maana wakaweka kichwa cha pili, kinaazima umeme kwenye tundu jirani. La USB 3.0 linatoa 900, nalo mara nyingi linatosha peke yake.

Mama Pacha:

Tundu jirani halipo fundi. Jirani alishahama.

Sikio la Kufa:

Tusitoke nje ya mada jamani. Dada wa huduma kwa wateja alisema "angalia upande wa pili". Hebu fikirieni mtu anaamini laptopu ina mlango wa CD ambao mwenyewe haujui kwa miaka minne, umejificha tu upande wa pili unanichungulia.

Mpiga Dirisha:

Mkuu, wewe uligeuza laptopu ukaangalia. Hapo huna kesi.

Mimi sasa nina kesi. Juzi rafiki kaniletea laptopu niipige Windows 7, na msiniulize kwa nini 7, ana programu yake ya zamani haitaki kuhama. Mlango wa CD hakuna, nikaandaa flashi. Ikawaka vizuri, nikachagua lugha, nikabonyeza kuendelea. Ikasimama, ikaniandikia kwamba inakosa draiva ya mlango wa CD/DVD.

Mlango wa CD haupo. CD haipo. Natumia flashi! Inanidai draiva ya kitu ambacho si mimi wala yenyewe tunacho! Na panya hasogei, kibodi ya nje imekufa, nimebaki naangaliana na kioo.

Fundi Mstaafu:

Ulichomeka kwenye tundu la buluu, yaani la USB 3.0. Windows 7 ilitoka 2009 bila draiva za USB 3.0. Flashi inaanza kusomeka kwa sababu bodi yenyewe inaisaidia, Windows ikishika usukani haiioni tena, ndipo inapolalamika kwa maneno hayo ya ovyo. Kama kuna tundu la USB 2.0 hamia hapo. Kama yote ni 3.0, itabidi uziingize draiva zake kwenye flashi kabla ya kuanza.

Mpiga Dirisha:

Yote ya buluu. YOTE. Sasa hiyo ni moja. Ya pili, jana nanakili mafaili ya Windows mpya kwenye flashi kwa mkono, likafika faili moja kubwa likagoma, eti ni kubwa mno. Flashi ina GB 32, iko tupu kama mfuko wangu! Nikafuta, nikarudia. Nikabadilisha flashi, nikarudia. Mpaka saa nane usiku ndipo nikakumbuka flashi iko kwenye FAT32, ule mpangilio wa zamani wa kuhifadhi mafaili, nao haukubali faili moja kuzidi GB 4, hata flashi iwe na ukubwa wa bahari.

Jongoo Hana Haraka:

Na ukiibadilisha kuwa NTFS, mpangilio unaokubali mafaili makubwa, kompyuta nyingine zinakataa kuwaka nayo. DVD ilikuwa na shida gani jamani? GB 4.7, unaweka, unaenda kuoga, ukirudi Windows imekaa.

Bando Limeisha:

Shida ilikuwa kufika asilimia 87 kisha inakwambia imeshindwa kusoma faili, kwa sababu mtoto alichorea CD sakafuni. Usijifanye umesahau.

Jongoo Hana Haraka:

Unaifuta kwa shati, unaendelea. Yote haya aliyaleta yule bwana wa Apple, Steve Jobs, aliyesimama jukwaani mwaka 2008 akachomoa laptopu kwenye bahasha ya kaki. Bahasha! Na watu wakapiga makofi. Hakuna aliyenyoosha mkono kuuliza CD zetu tutazipeleka wapi.

Mpiga Dirisha:

Kampuni hiyo hiyo 1998 ilitoa kompyuta ya mezani isiyo na mlango wa flopi, mkanung'unika hivi hivi. Flopi, MB 1.44! Leo picha moja ya simu haiingii humo.

Jongoo Hana Haraka:

Flopi usiiguse. Flopi ilikuwa na adabu.

Sikio la Kufa:

Wakuu, taarifa. Nimechomeka simu kwa waya, Windows imetafuta yenyewe kama dakika mbili, draiva imeingia, kidude kimewaka taa ya kijani. Wi-Fi ipo. Sasa nataka tushauriane niandike barua ya malalamiko kuhusu ile shikamoo, nani mzuri wa barua?

Dereva Mpole:

Samahanini wakuu, nimechelewa kuyaona maneno ya fundi kuhusu ile CD ndogo.

Mimi pia nilikuwa nayo moja, ilikuja na kamera ya laptopu. Kwa kuwa laptopu haina mlango, nikasema ngoja niijaribu kwenye redio ya gari nisikie ina nini.

Imeingia. Haitoki.

Fundi Mstaafu:

Ndugu yangu. CD ya draiva za kamera. Ulitarajia kusikia nini?

Dereva Mpole:

Sikufikiria mpaka huko.

Mama Pacha:

Jamani hahahaha. Redio inasemaje?

Dereva Mpole:

Inazungusha, inanyamaza, inaandika kosa, inazungusha tena. Hata stesheni siwezi kusikiliza, kila baada ya sekunde kumi inarudi kuitafuta.

Mtu Chake:

Piga huduma kwa wateja, waambie redio yako haina upande wa pili.

Sikio la Kufa:

Kuhusu barua nimeanza hivi: "Mimi ni mteja wenu mwenye umri wa miaka 36..."

Fundi Mstaafu:

Dereva, zima gari, usibonyeze kitufe cha kutoa tena, unaisukuma pembeni ya rola. Itabidi redio ichomolewe kwenye dashibodi, ifunguliwe mfuniko. Chochote utakachofanya, usiingize kisu.

Dereva Mpole:

Kisu sijaingiza.

Jongoo Hana Haraka:

Umeingiza nini?

Mpiga Dirisha:

Mbona kimya?

Mama Pacha:

Kaka tuambie tu, hapa hakuna wa kukucheka zaidi ya tulivyokwisha kucheka.

Dereva Mpole:

Kibano cha nyusi cha mke wangu. Nacho kimebaki humo.