Mrejesho: Kifungo cha Lajos Kossuth

Ndugu zangu, narejea na shukrani. Niliuliza iwapo Kossuth, mwanasheria na mwanasiasa wa Hungaria, alifungwa kwa sababu ya gazeti lake, Pesti Hírlap. Aliyenishauri nipange miaka kwanza alinitoa gizani: alikamatwa mwaka 1837 na kuachiwa 1840, ilhali gazeti lilianza 1841. Kilichomponza ni taarifa za mijadala ya mabaraza ya kaunti za Hungaria, ambazo alizisambaza zikiwa zimenakiliwa kwa mkono, nakala baada ya nakala, ili zikwepe udhibiti uliobana mitambo ya uchapaji. Ushauri wa kusoma barua zake mwenyewe umenishinda, maana Kihungaria sikijui na kamusi haikunifikisha mbali. Makala yangu imebaki na pengo kuhusu maisha yake ya uhamishoni, nje ya nchi yake, hadi alipofariki Turin, Italia, mwaka 1894.