Dar hadi Mwanza peke yako kwa IST: njia ya misafara, miji ya jazi na ngoma za bara

Mchepuko_Bara aliuliza:

Wakuu, salaam. Mwishoni mwa Julai napanga kuendesha Toyota IST peke yangu kutoka Dar hadi Mwanza. Lengo ni kufuata njia ya zamani ya misafara (Bagamoyo, Mpwapwa, Kilimatinde, Tabora), na humo humo nipite miji ya muziki: Morogoro ya Salum Abdallah na Mbaraka Mwinshehe, Ugogo, Tabora ya Kiko Kids na Tabora Jazz, nimalizie Bujora, kwenye makumbusho ya Wasukuma. Nina wiki moja na nusu. Naomba kujua: nipange vituo vipi? Manyoni nikate kwenda Tabora au nipande na Singida? Gari dogo linahitaji maandalizi gani? Na muziki wenyewe nitaukuta wapi, maana makumbusho yana geti na tiketi, ila dansi na ngoma sijui pa kuanzia.

Reli_ya_Kati alijibu:

Mpango wako una mantiki kuliko unavyodhani. Reli ilifuata kwa sehemu kubwa mkondo ule ule wa misafara: ilifika Morogoro 1907, Tabora 1912, Kigoma 1914, na tawi la Mwanza likakamilika 1928. Mji wa reli una wafanyakazi wenye mshahara, wageni wa kila kabila na Kiswahili cha kuwaunganisha, na bendi ya dansi inataka hayo hayo. Ndiyo maana Morogoro, iliyokuwa pia na mashamba ya mkonge, ilibeba Cuban Marimba na Morogoro Jazz kwa wakati mmoja, na Tabora ikawa na Kiko Kids, Tabora Jazz na Nyanyembe.

Vituo: Bagamoyo lala usiku mmoja. Asubuhi nenda Kaole, kama kilomita 5 kusini mwa mji, kabla jua halijakolea. Tazama kwa karibu makaburi ya nguzo na uashi wa mawe ya matumbawe. Mchana nenda misheni ya Wakatoliki, iliyoanzishwa 1868. Mnara wake ndio mwili wa Livingstone ulipolazwa Februari 1874, baada ya watumishi wake Chuma, Susi na wenzao kuubeba kutoka Chitambo, Zambia ya leo. Jioni pita TaSUBa, kile kilichokuwa Chuo cha Sanaa. Ulizia mazoezi ya wanafunzi, usisubiri tamasha lao, maana haliangukii Julai.

Kutoka hapo usirudi Dar. Shika lami ya Bagamoyo–Msata, kama kilomita 64, kisha Chalinze, kisha Morogoro. Unakwepa foleni yote ya Kibaha.

Morogoro ongeza Mazimbu, ilipokuwa shule ya wapigania uhuru wa ANC ya Afrika Kusini. Leo ni kampasi ya Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine (SUA) yenye jina la Solomon Mahlangu, na makaburi ya wapiganaji yapo pale. Ni eneo la chuo, kwa hiyo anzia getini, ueleze shida yako na uache kitambulisho ukiombwa.

Mpwapwa unaingilia Mbande kupitia Kongwa. Kongwa yenyewe isimamie: ni hapo Waingereza walipoanza mradi wa karanga 1947 ukawafia mikononi, na miaka ya 60 pakawa na kambi za vyama vya ukombozi. Kabla ya kuchepuka waulize madereva wa Noah pale Mbande hali ya barabara ya Mpwapwa kwa siku hiyo.

Manyoni kata kwenda Itigi na Tabora. Ramani za zamani huonyesha kipande cha Nyahua–Chaya kuwa vumbi. Sasa ni lami. Singida–Nzega ni barabara nzuri, lakini ndiyo inayobeba malori ya Rwanda na Burundi, na zaidi ya hapo inaiacha Tabora pembeni kabisa.

Spana_Kumi alijibu:

Naongelea gari tu. IST inaitosha safari hii wakati wa kiangazi. Kinachowaangusha watu ni tairi.

Angalia ubavuni mwa kila tairi, baada ya herufi DOT kuna tarakimu nne za mwisho. 2319 maana yake wiki ya 23, mwaka 2019. Tairi nyingi za mtumba zina kashata nzuri kabisa lakini mpira umezeeka, na ukikimbia saa tatu mfululizo kwenye lami ya Dodoma yenye joto unapasuka kwa ndani. Likizidi miaka sita, usilipeleke bara. Pima upepo asubuhi gari likiwa limepoa, ufuate kibandiko kilichopo kwenye fremu ya mlango wa dereva. Usipunguze upepo kwa sababu ya joto. Tairi lenye upepo mdogo linajikunja zaidi kila mzunguko, na kule kujikunja ndiko kunakolichemsha.

Fungua buti utazame spea. Kama ni ile nyembamba, imeandikwa psi 60 na mwisho kilomita 80 kwa saa. Karibu kila moja hukutwa haina upepo kwa kuwa hakuna anayeikumbuka. Hiyo ni ya kukufikisha kwa fundi wa karibu, si ya kumalizia safari. Ukiweza, azima spea ya ukubwa kamili, hasa kwa kipande cha Itigi–Tabora ambako vituo viko mbalimbali. Jaribu jeki nyumbani, na ulegeze nati zote kwa mkono wako: zilizokazwa na mashine ya fundi mara nyingi hazifunguki kwa spana fupi ya gari, na ukiwa peke yako hakuna wa kukusaidia kukanyaga. Bomba la chuma la kurefushia mpini ndiyo dawa.

Vingine: pembe tatu za tahadhari, mtungi wa kuzimia moto, maji lita 10 (nusu ya rejeta, nusu yako). Jaza tangi Manyoni, Itigi ongeza hata kama mshale uko juu.

Usiendeshe usiku. Lori lililoharibika mara nyingi halina taa, na alama yake ni matawi ya miti yaliyopangwa barabarani. Mchana ukiyaona matawi punguza mwendo mara moja. Usiku unayaona ukiwa umeshayakanyaga. Ondoka saa 12 asubuhi, saa 10 jioni uwe umeshatafuta pa kulala. Kibao cha 50 ukikiona, shuka hamsini kabla ya kukipita: tochi ya trafiki ya kupima mwendo hukaa palepale mji unapoanzia, na faini hutozwa kwa kila kosa.

Zeze_la_Chamwino alijibu:

Swali la muziki limepitwa haraka, na ndilo gumu.

Tofautisha vitu viwili. Dansi la Morogoro na Tabora lilikuwa la kumbi, na Cuban Marimba ile haipo tena. Salum Abdallah alifariki kwa ajali 1965, Mbaraka naye kwa ajali Kenya, Januari 1979. Kwa hiyo mji wa dansi unauingia kwa masikio: pakua nyimbo kabla ya kuondoka, zisikilize kwa mpangilio wa miaka, na ukifika uliza wazee kwa jina la bendi, usiulize “sehemu za kihistoria”. Ukisema “Morogoro Jazz ilikuwa inapiga wapi?” utaelekezwa na mtu anayejua. Ukisema “muziki wa zamani” utapelekwa baa yenye spika kubwa.

Ngoma za Ugogo ni hai, lakini zinataka miadi. Tamasha la muziki wa Wagogo pale Chamwino kwa kawaida huwa mwishoni mwa Julai, kwa hiyo tarehe zako zinakaa vizuri. Hakikisha tarehe ya mwaka huu kabla ya kupanga kingine chochote, kisha pangilia safari nzima kurudi nyuma kutoka siku hiyo. Chamwino iko barabarani, kama kilomita 30 kabla ya Dodoma ukitokea Morogoro.

Ukifika kaa karibu. Kwenye muheme, ngoma ya Wagogo, wanawake ndio wapigaji, ngoma imebanwa katikati ya mapaja, na kila mmoja ana pigo lake. Simama nyuma ya mpigaji mmoja mpaka ulishike pigo lake, kisha hamia kwa mwingine. Ukisimama mbele na simu utapata kelele tu. Kwenye ilimba, ile ala ya vibamba vya chuma vinavyopigwa kwa vidole gumba, tazama tundu la sanduku: limezibwa kwa utando wa buibui, ndio unaotoa ule mzizimo juu ya sauti ya chuma. Kirekodi chako kikiwa na kichujio cha kelele, kizime, kitaukata mzizimo huo kikidhani ni hitilafu.

Usielekeze kamera upande wa Ikulu ya Chamwino, wala kwenye madaraja na reli. Droni bila kibali iache nyumbani.

Mchepuko_Bara:

Asanteni sana. Bujora je, Bulabo, ile sikukuu ya ngoma za Wasukuma, nitakuwa nimeikosa?

Gika_na_Gumha alijibu:

Umeikosa, ni ya Juni, huandamana na sikukuu ya Ekaristi. Lakini usiiruke Bujora. Ipo Kisesa, kama kilomita 20 kutoka Mwanza kwa barabara ya Musoma. Ilianzishwa na Padri David Clement, Mkanada, na ngoma za watemi zimehifadhiwa katika jengo lenye umbo la kiti cha mtemi. Omba mwongozaji akueleze kwanza Bagika na Bagalu, vyama viwili vya ngoma vinavyoshindana, la sivyo kila utakachokiona kitakuwa ngoma tu. Kikundi cha kucheza hakikai pale kukusubiri: piga simu siku mbili kabla, mkubaliane idadi ya wachezaji, muda, na kama bei inajumuisha kurekodi. Video ikitajwa baada ya ngoma kuanza, bei hubadilika, na wana haki.

Tabora kuna jambo limesahauliwa hapo juu. Mbali na Tembe la Kwihara, nyumba walimokaa Livingstone na Stanley, mji huo ndio TANU ilipofikia Uamuzi wa Busara, Januari 1958, wa kuingia kwenye uchaguzi wa kura tatu, yaani kila mpiga kura kuchagua Mwafrika, Mwasia na Mzungu. Vipange vyote viwili asubuhi moja, Kwihara kwanza, mchana uanze kuelekea Nzega.