MREJESHO: Pancha ya Mazda Roadster, tairi limepona

Wakuu, niliuliza hapa nifanyeje na pancha ya tairi la nyuma la Roadster (gari dogo la michezo la viti viwili; langu ni ND, yaani toleo la nne, tairi saizi 205/45R17), maana gari halina spea, lina pampu ndogo na dawa ya kuziba tu. Asanteni sana mlionijibu.

Aliyesema nitazame kwanza msumari ulipoingia ndiye aliyeniokoa. Ulikuwa katikati ya kashata, sehemu inayokanyaga barabara, mbali na ubavu. Ingekuwa ubavuni, tairi lingekuwa la kutupa, kwa sababu sehemu ile hujikunja muda wote gari likitembea na hakuna kiraka cha kuaminika pale. Nikauacha msumari ndani, nikajaza upepo bila dawa, nikaenda taratibu hadi kwa fundi, Kinondoni.

Fundi wa kwanza alitaka kuchomeka kamba kwa nje amalize. Nilikataa, na ningekataa tena: gari la kukimbia halistahili ziba-twende. Wa pili alivua tairi kwenye rimu, akakagua ndani kama limesagika, akaweka kiraka chenye mkia unaojaza tundu. Alinishukuru kwa kutomwaga dawa, maana lazima ioshwe yote kabla ya kubandika. Jeki aliiweka kwenye pointi za kunyanyulia gari. Gari liko chini mno, jeki kubwa haipiti hovyo.

Nimejaza psi 29 kama kibandiko cha mlangoni kinavyosema, na upepo haujashuka. Mwenye kuuza spea nyembamba ya matundu manne ya nati, 4x100 (matundu yamepangwa kwenye duara la mm 100), aniambie.