Maabara wanasema oksijeni ipo, sato wangu wanakufa alfajiri

Vizimba Viwili
Wakuu, mwangaluka. Nina vizimba viwili vya sato Ziwa Victoria, Mwanza, upande wa Luchelele, wavu unashuka mita tatu. Wiki ya pili sasa, tukifika saa kumi na mbili asubuhi tunakuta samaki wako juu, midomo nje, wengine wamegeuka tumbo. Juzi tumeokota 64. Kinachonichanganya, mchana wanakula kama kawaida.

Jirani akasema ni oksijeni. Nikachota maji kwa ndoo, nikajaza chupa ya plastiki ya lita moja na nusu, nikapanda daladala mpaka maabara. Jibu: miligramu 7.1 kwa lita, maji mazuri, kwaheri. Sasa muongo nani, maabara au samaki? Na hiyo chupa ya kuzama ninayoisikia ni kitu gani, na inapatikana wapi?

Fundi wa Igoma
Mkuu, tafuta mashine ya kidijitali. Unazamisha, unasoma namba, kazi imeisha. Mambo ya chupa ni ya enzi za mkoloni.

Mama Chupa
Mwangaluka mwanangu, pole na hasara. Hakuna muongo hapo. Maabara wamepima maji uliyowapelekea, ila hayakuwa maji ya samaki wako.

Nadhani ulichota saa tano, saa sita, jua limekolea. Ukijani unaouona kwenye maji yetu ya ghuba ni mwani. Mchana unatoa oksijeni, usiku unageuka mlaji kama sato wenyewe, na hali inakuwa mbaya kuliko yote muda mfupi kabla jua halijatoka. Ndoo nayo inachota maji ya juu juu tu. Ukamimina kwenye chupa, glo-glo-glo, na kila glo ni hewa inaingia. Ukaacha nafasi kidogo shingoni, daladala ikakutikisia kuanzia Luchelele mpaka mjini. Maji yakitikiswa hivyo yanakunywa hewa mpaka yanashiba. Na kushiba kwake hapa kwetu, ziwa likiwa mita 1,134 juu ya usawa wa bahari na maji yakiwa nyuzi 25, ni miligramu saba na kidogo. Hebu itazame tena namba uliyopewa. Umelipia kupima hewa ya daladala.

Nimechota maji ziwani miaka 22 kabla sijastaafu, kwa hiyo nivumilie nikirefusha.

Chupa ya kuzama tuliyotumia sisi inaitwa Van Dorn. Ni bomba lililo wazi juu na chini, na vizibo viwili vya mpira vilivyoungwa kwa ukanda wa kuvutika unaopita ndani ya bomba. Unavivuta vizibo nje, unavitega kwenye ndoano, unashusha. Maji yanapita katikati kama bomba halipo. Ukifika kina unachotaka, unaachia kipande cha shaba kinachoteleza juu ya kamba. Sisi tulikiita mjumbe. Kikigonga ndoano, vizibo vinafyatuka na maji ya kina kile yamefungwa humo. Weka kidole kwenye kamba, utausikia ule mshtuko hata ukiwa umeshusha mita ishirini. Usipousikia usivute, mjumbe amekwama njiani.

Ya dukani ni ghali, ila niliwahi kutengeneza: bomba la plastiki la inchi nne, mipira miwili ya kuzibulia choo, na ukanda uliokatwa kwenye mpira wa ndani wa baiskeli. Toboa karibu na chini, weka koki ndogo yenye kipira chembamba cha kutolea maji.

Kuna watu watakushauri ufunge jiwe kwenye chupa ya soda, uizamishe na kizibo, kisha uvute kizibo kwa kamba. Kwa kupima chumvi au mbolea, sawa. Kwa oksijeni hapana, kwa sababu chupa ilizama na hewa, na maji yanapoingia yanaoga kwenye hewa hiyohiyo.

Sasa kutoa maji. Tafuta chupa ya kioo ya mililita 300 yenye kizibo cha kioo. Kipira kifike mpaka sakafuni mwa chupa, maji yapande polepole, yafurike mara mbili au tatu ya ujazo wake. Papo hapo, ukiwa kwenye mtumbwi, weka mililita moja ya salfeti ya manganizi na moja ya dawa ya iodidi yenye magadi makali, ncha ya bomba la dawa ikiwa ndani ya maji. Ziba, pindua mara kadhaa. Mashapo yakiwa kahawia, oksijeni ipo. Yakiwa meupe kama uji, samaki hawana cha kuvuta. Hapo oksijeni imeshafungwa, na chupa inavumilia safari ya saa chache ikikaa gizani. Maabara wataongeza asidi ya salfuriki (usiibebe wewe mtumbwini, nakuomba) na kumalizia kwa thiosalfeti na wanga.

Mwaka wangu wa kwanza nilirudi na chupa kumi na nane, nimechoka, nimeungua jua, na kila moja ina kipovu kama punje ya mtama chini ya kizibo. Mkuu wangu hakusema neno. Alizimwaga zote kwenye sinki, moja moja, nikitazama. Kesho yake nikarudi ziwani.

Fundi, umesema ya mkoloni. Ni kweli, njia hii ni ya Mhungaria Lajos Winkler, mwaka 1888, na mpaka leo mashine yako inasahihishwa kwayo. Mashine siikatai. Lakini ukiisawazisha kama uko Dar es Salaam, huku itakuongezea karibu miligramu nzima ambayo samaki hawaioni. Mpe kijana hata ya kuazima, ila aiweke kwenye mwinuko wetu kwanza.

Na wewe mwanangu: chota saa kumi na moja alfajiri, ndani ya kizimba, juu na kwenye mita tatu. Halafu nje, hatua thelathini hivi, mita tatu ileile. Usiiache hiyo ya nje.

Vizimba Viwili
Mama, wabeja sana. Nimerudi baada ya siku tisa. Mipira ya choo nimeipata Makoroboi, muuzaji akaniuliza nina vyoo vingapi. Chupa na dawa nimeazimwa na kijana anayesoma mambo ya samaki, akaja naye alfajiri.

Ndani, juu: miligramu 3.8. Ndani, mita tatu: 1.9, mashapo yalikuwa ya rangi ya chai yenye maziwa mengi. Nje, mita tatu: 5.2, kahawia kama karanga za kukaanga.

Mama Chupa
Basi ziwa halina kosa. Wavu wako una ukoga, maji hayapiti. Oksijeni ikishuka chini ya miligramu tatu, sato wanaanza kuteseka. Mliuosha lini?

Vizimba Viwili
Mama, tusifiche. Toka tuufunge hatujauosha. Jana tumeunyanyua upande mmoja, watu wanne, tukashindwa. Umekuwa kama zulia la kijani. Leo tunaanza kubadilisha, na chakula cha jioni nimekisimamisha.

Fundi wa Igoma
Mama, samahani, hilo bomba la inchi nne ulilikata urefu gani?

Mama Chupa
Sentimita 45. Na ukanda uwe mpya, wa zamani unakatika ukiwa umeshautega, utakupiga mkononi. Mimi nina alama.