GPS ya mkononi yasema niko mbali, nami niko juu ya fungu

Mvuvi wa Matondoni: Asalaam aleikum. Nina GPS ya mkononi, ya mtumba. Ami alinipa daftari lake la alama za uvuvi. Ya kwanza ameandika "2 16 kusini". Nikaingiza 2.16. Jana nimetia nanga pale pale, matumbawe nayaona chini ya mashua, kifaa chasema bado maili 6 na ushei! Kibovu?

Nahodha wa Shela: Waaleikum salaam, mwanangu. Kifaa ni kizima. Ami yako ameandika digrii na dakika, na digrii moja ni dakika 60. Gawanya 16 kwa 60, ujumlishe 2: utapata 2.267. Wewe 2.16 yako ni digrii 2 na dakika 9.6 tu. Dakika moja ya latitudo ni maili moja ya baharini, mita 1,852, basi hesabu mwenyewe. Badilisha mpangilio usomeke digrii na dakika, uingize kama ami alivyoandika.

Mpima ardhi, Mokowe: Ukichukua alama kwenye ramani za zamani za Kenya, kwenye GPS chagua Arc 1960, msingi wa vipimo wa ramani hizo, si WGS 84, ule wa GPS yenyewe. Tofauti ni kama mita 300. Kwenye mlango mwembamba wa Mkanda hizo zakutia mikokoni.

Mvuvi wa Matondoni: Nimebadilisha, imekubali! Ila nikisimama mshale wazunguka ovyo.

Nahodha wa Shela: GPS nyingi hupata mwelekeo kwa mwendo wako. Ukisimama, tazama dira. Na mstari wa njia wa GPS hupita juu ya mwamba, haujui maji yamekupwa.