Tupeane uzoefu: Bustani ya Marymoor, kayaki na eneo la mbwa

Mama wa Kent
Ndugu zangu, habari za Jumapili. Leo asubuhi nilikuwa naanika jaketi la kuokoa maisha la mwanangu, nikanusa harufu ya tope la Mto Sammamish iliyobaki kwenye kitambaa, na ya mwaka juzi yote yakanirudia. Naomba tupeane uzoefu wa Bustani ya Marymoor kule Redmond, hapa jimbo la Washington, Marekani, kwa kuwa wengi wetu tunaoishi huku Kent, Tukwila na Seattle tumeshafika pale, na kila mmoja amerudi na lake.

Langu ni hili. Tulishusha kayaki ya viti viwili, mimi na mwanangu wa miaka 9, mbwa wetu akiwa katikati yetu. Tulipofika usawa wa eneo la mbwa, ambako huruhusiwa kukimbia bila kamba, pale kwenye ngazi ambapo mbwa huingia mtoni kuogelea, wetu aliwaona wenzake akaruka, na kayaki ikapinduka hapo hapo. Maji yalinifika kifuani tu, lakini mtoto alikuwa hagusi chini. Jaketi lilimweka juu akiwa ametumbua macho, ameshikilia kafi kwa mikono miwili kana kwamba mtu atamnyang'anya. Tangu siku hiyo siwezi kumwona mtoto ndani ya chombo akiwa na zipu wazi nikanyamaza.

Jirani wa Renton
Pale kwenye ngazi ndipo hasa. Nasi ilitukuta.

Mwana wa Ukerewe
Mama wa Kent, pole sana. Sheria ya jimbo la Washington inamtaka mtoto wa miaka 12 na chini avae jaketi wakati wote chombo cha chini ya futi 19 kikiwa majini. Kwa mtu mzima sheria inaridhika jaketi likiwa ndani ya chombo tu, na ni hiyo ruhusa iliyokaribia kuniua.

Nilizaliwa kisiwani, mtumbwi niliujua kabla ya baiskeli. Siku moja ya mwezi wa Aprili jua lilikuwa kali, watu wamevaa fulana, nami nikaweka jaketi langu nyuma ya kiti. Nilikuwa najaribu kuwapisha vijana wa timu ya makasia, ambao huvuta wakiwa wameupa mgongo upande wanakoelekea na hivyo hawakuoni, nikaegemea kupita kiasi, nikaanguka. Ziwa Victoria halijawahi kunifanya vile. Maji yale ya baridi yaliponifunika nilivuta pumzi bila kutaka, kama mtu anayeshtuliwa usingizini, na nusu ya nilichovuta ilikuwa maji. Kuogelea najua vizuri, lakini kwa muda ule mikono haikunisikiliza kabisa.

Baadaye nilifundishwa hesabu ya moja, kumi, moja, nami naiandika hapa ili mtu aishike. Una dakika 1 ya kuitawala pumzi, dakika kama 10 ambazo mikono na miguu bado inakutii, na saa 1 hivi kabla baridi haijakupotezea fahamu. Dakika ile ya kwanza usijitahidi kuogelea. Elea, shika chombo, pumua.

Kijana wa Bellevue
Suluhisho ni rahisi, mfunge mbwa kamba kwenye kayaki asiruke.

Mwana wa Ukerewe
Kijana wangu, hapana! Kayaki ikipinduka, kamba hiyo itamshikilia mbwa chini ya maji, na wewe utapiga mbizi kumfungua huku miguu yako imezongwa na kamba hiyo hiyo. Mnunulie jaketi la mbwa lenye mkono wa kushikia mgongoni, umwinue kama unavyoinua begi.

Kijana wa Bellevue
Wangu nimemfunga miaka miwili na hakuna kilichotokea.

Mama wa Kent
Kijana, msikilize mzee. Wangu angekuwa amefungwa siku ile, ningekuwa nimemzika.

Mtu wa Mkunazini
Nami nina langu, nalo si la maji. Tulikwenda siku ya Idi na familia, tukawa tunatembea kwenye njia ya kando ya mto, nje kabisa ya eneo la mbwa. Mbwa aliyelowa akatoka mtoni bila kamba, akaja akajikung'uta mbele yangu, kanzu nyeupe yote ikajaa matone. Mwenyewe akaniambia kwa tabasamu kwamba mbwa wake ni rafiki wa watu. Sikumgombeza, kwa kuwa hakujua. Lakini kwetu sisi tunaofuata madhehebu ya Shafi, hapo nina kuosha mara saba, mojawapo kwa udongo, na sala ya alasiri ilikuwa imekaribia.

Jirani wa Renton
Ndugu, bustani ile ina ekari 640, na za mbwa ni 40 tu. Kwa nini mpite karibu nao?

Mtu wa Mkunazini
Dada yangu, soma tena nilichoandika. Nilikuwa katika hizo 600 zilizobaki, ambako kamba ni lazima. Sijaomba mbwa waondolewe, naomba kila mmoja akae alikopangiwa.

Jirani wa Renton
Nimesoma tena. Una haki, na mimi mwenyewe huwa namfungua wangu kabla ya kufika getini. Nitaacha.

Baba wa Tukwila
Samahanini nawakatiza, lakini mmezungumzia kamba na maji, na hakuna aliyetaja samaki. Ngoja niseme, maana nimeishika simu hii tangu asubuhi nikijiuliza kama nitaweza.

Mwezi wa kumi samoni wanarudi. Wanatoka baharini, wanapita kwenye milango ya maji ya Ballard, wanakata Ziwa Washington, wanapanda huu Mto Sammamish hadi Ziwa Sammamish, halafu kijito cha Issaquah, kwenye kile kituo cha kuzalishia samaki kilichojengwa mwaka 1936. Wengine wanafia njiani. Mbwa wangu aliogelea pale kwenye ngazi, akapotea kichakani dakika mbili, akarudi analamba midomo. Magamba mawili yalikuwa yamemganda kwenye sharubu. Niliyatoa kwa kidole nikacheka, nikasema leo umekula vizuri kuliko mimi.

Siku ya sita alikataa chakula. Siku ya saba akatapika, akahara, mwili ukawa moto. Kliniki ya kwanza walisema tumbo limechafuka, wakanipa chakula laini. Siku ya nane usiku alikuwa hawezi kusimama, na chini ya taya mitoki ilikuwa imevimba kama kokwa za embe. Nilimbeba kwa shuka hadi kliniki nyingine inayofunguliwa usiku. Dada aliyetupokea hakuuliza jina langu kwanza, aliuliza, "Amekula samaki mbichi?" Nikakumbuka yale magamba, magoti yakaniishia nguvu.

Walipima kinyesi wakaona mayai ya minyoo bapa. Minyoo hiyo hupitia kwa konokono wa mtoni, kisha kwa samoni, na ndani yake imebeba bakteria. Minyoo si tatizo kubwa, bakteria ndiyo inayoua mbwa. Asipotibiwa, katika kila mbwa 10 hufa hadi 9. Wetu aliwekewa dripu, akapewa doksisaiklini, dawa ya kuua bakteria, na dawa ya minyoo. Siku ya tatu alitikisa mkia mara moja, juu ya sakafu ya saruji, na binti yangu aliyekuwa amejizuia wiki nzima akalia mpaka wauguzi wakaja.

Mama wa Kent
Baba wa Tukwila, nimeisoma mara mbili na mikono inatetemeka. Miaka yote hii mimi humtupia wangu vichwa vya samoni ninapopika!

Mwana wa Ukerewe
Wapike kwanza, Mama. Wakipikwa wakaiva hawana madhara.

Jirani wa Renton
Je, paka naye? Na watoto wanaochezea maji?

Baba wa Tukwila
Bakteria hiyo ni ya mbwa na jamaa zake. Paka na watoto hawaugui ugonjwa huu. Lakini dada, usingoje homa. Ukimwona amekula, piga simu kwa daktari wa mifugo siku hiyo hiyo, na neno "samoni" liwe la kwanza kutoka mdomoni.

Kijana wa Bellevue
Ningemvalisha kizuizi cha mdomo, basi.

Mwana wa Ukerewe
Akiogelea nacho? Akikaza mdomo majini atapumuaje? Kaa naye karibu na umwite mapema. Kuanzia Septemba mpeleke kwenye nyasi, ngazi za mtoni uziache.

Kijana wa Bellevue
Sawa mzee. Na ile kamba ya kayaki nimeshaikata.

Mtu wa Mkunazini
Baba wa Tukwila, Mungu amzidishie afya mbwa wako na akutulize wewe. Kwa wanaotaka kuja bila gari, treni ya Laini ya 2 imefika Marymoor Village tangu Mei 2025, na kutoka kituoni hadi bustanini ni mwendo wa miguu.

Baba wa Tukwila
Asante sana, kaka. Ametimiza miaka 11 wiki iliyopita. Jumamosi tutakuwa pale kwenye nyasi, na kamba nitakuwa nayo mkononi. Ukituona, tupungie mkono kutoka mbali, nasi tutasimama upite.