Mjadala: ramani za rada za mita 12 ziachiwe bure?

Wadau, naomba tulijadili hili. Satelaiti mbili za Ujerumani, TerraSAR-X (2007) na TanDEM-X (2010), huruka sanjari kilomita 500 na ushei juu yetu, mara nyingi zikiachana mita mia chache tu. Moja hurusha mawimbi ya rada, zote mbili hupokea mwangwi. Kwa kuwa kila moja iko pembe yake, tofauti ndogo ya miangwi hiyo hukokotolewa kupata mwinuko wa ardhi, usiku au mchana, hata kukiwa na mawingu. Ramani ya dunia nzima ilikamilika 2016, pikseli zake za mita 12, yaani kila kipimo cha mwinuko kinawakilisha mraba wa ardhi wenye upande wa mita 12.

Tunachopata bure ni mita 30 na 90. Ya mita 12 huuzwa, na mtafiti huomba kibali. Mimi napinga. Chukua tuta la kuzuia mafuriko lenye kitako cha mita 20: kwenye pikseli ya mita 90 limeshamezwa na shamba la jirani, na modeli ya kompyuta ya kukadiria mafuriko itayapitisha maji kana kwamba tuta halipo. Nyuma ya tuta hilo ndiko watu wanakoishi.

Mchangiaji: Mkuu, umeruka suala la nani alilipa. Mradi wa satelaiti hizo za Ujerumani ni ubia wa serikali na kampuni, na kampuni iliweka fedha kwa makubaliano ya kuuza. Machi 2023 kampuni ya China, PIESAT, ilirusha satelaiti nne za rada kwa mpigo, kwa kazi kama hiyo: moja katikati hurusha na kupokea, tatu zinazoizunguka hupokea tu. Ukivunja makubaliano ya zamani, nani ataweka fedha kwenye makundi kama hayo?

Mleta mada: Ubia naukubali, tena hoja yako ni nzito. Lakini vipimo vya ramani ile vilichukuliwa kati ya 2010 na 2015. Kumbuka SRTM, safari ya Marekani ya kupima mwinuko wa ardhi kwa rada: Februari 2000, siku 11, chombo cha anga cha Endeavour kikiwa na mlingoti wa mita 60 wenye antena nchani. Nje ya Marekani tulipewa mita 90. Uamuzi wa kutuachia mita 30 ulitangazwa 2014. Miaka 14 ya kuchora ramani za mafuriko kwa kubahatisha! Basi vipimo vipya viuzwe, ila vilivyotimiza miaka 10 viachiwe. Anayepinga aniambie ni mteja gani hasa atakayepotea.